Kampuni Isiyowahi Kuanguka

Bomu la tatu ndilo lililomkata mguu meneja Sanga, na hata hapo hakuuachia waya.

"Shika hapa, dada Vene," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi. "Shika kwa nguvu. Ukurasa wenu bado unapumua."

Veneranda Kihwelo alishika. Vumbi la dari lilimjaa mdomoni, sikio moja lilikuwa limeziba, na damu ya Sanga ilikuwa inamwingia viatuni. Nusu saa iliyopita alikuwa amekaa kwenye benchi la mapokezi anakunywa chai ya tangawizi, akisubiri kuongeza mkataba wa kuhifadhi ukurasa wa kijiji chake, Ihanganila, kama alivyofanya kila Januari kwa miaka sita. Sasa jengo zima la Hifadhi ya Umoja, lililotunza kurasa za vijiji arobaini, lilikuwa linaungua kuanzia bati hadi msingi.

Droni ya nne iliingia dirishani. Ilikuwa ndogo, haizidi sinia la pilau. Ilizunguka chumba taratibu ikinusa joto la mashine, kisha ikageukia kabati la seva. Veneranda alinyakua kiti cha chuma kwa mkono uliobaki akaipiga. Ikaanguka, ikawa inapigapiga mabawa sakafuni, naye akaiponda na kuiponda mpaka ikatulia. Alipoinua kichwa, kabati lilikuwa limeshika moto lenyewe. Taa ya kijani ya Ihanganila ilizimika.

"Basi," alisema Sanga. "Umekata roho."

Alijikokota kwa viwiko, akaingiza mkono kwenye moto kana kwamba ni wa mtu mwingine, akachomoa diski bapa kama kiganja na kumpa. Ngozi ya vidole vyake ilibaki kwenye chuma.

"Nakala yenu nzima iko humu. Tafuta pa kuiweka. Una siku tatu." Na hakusema tena kitu, siku hiyo wala nyingine.

Siku tatu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa siku tatu ni nini. Tangu hati za karatasi zilipofutwa, kijiji kilikuwa ni ukurasa wake. Mipaka, visima, makaburi, majina ya watu, vyote vilikaa humo, na serikali ilikuwa na mashine moja iliyopita kila saa kubisha. Hodi, inasema mashine. Karibu, unaitika ukurasa. Ukinyamaza saa moja si neno, umeme hukatika. Ukinyamaza hodi sabini na mbili mfululizo, mashine inaandika gofu, na ardhi inakuwa ya atakayetangulia kuingia. Walioitunga sheria hiyo walisema ni dawa ya vijiji hewa. Huenda walimaanisha. Mimi najua tu kwamba mwaka uleule kampuni za mbao zilianza kununua droni.

*

Ihanganila walimpokea kwa kilio kifupi, kisha wakamwuliza swali moja: nani atatuhifadhi? Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kila kijiji kilikuwa na mchagua hifadhi, na akikosea huyo, hakosei peke yake.

Kampuni tatu ziliitwa, zikaja hodi ya thelathini na tisa. Watu mia mbili walijazana kwenye darasa la tano, wengine wakining'inia madirishani. Mbele alikaa Mama Luhwago, mwenyekiti wa kijiji, mwanamke wa miaka sitini na saba aliyevaa gambuti masika na kiangazi, na aliyekuwa na sauti ya kusimamisha trekta.

Wa kwanza alikuwa bwana mwenye suti ya bluu.

"Sisi hatujawahi kuanguka," alisema. "Hata sekunde moja."

"Mmeanza lini?" Veneranda aliuliza.

"Mwezi wa tisa."

"Wa mwaka gani?"

"Huu ulioisha juzi."

"Hata mjukuu wangu hajawahi kuanguka," alisema Mama Luhwago. "Ana wiki tatu. Hajajua hata kukaa. Asante, mwanangu, chukua ndizi ule njiani."

Wa pili walitoka pwani na picha nzuri za majengo ya vioo. Veneranda hakutazama picha. Aliomba namba yao ya dharura, akaipiga palepale mbele ya watu wote na kuweka spika. Sauti tamu ikasema simu yako ni muhimu sana kwetu. Ikapiga muziki. Ikasema tena. Watu wakasubiri mpaka mzee mmoja akasinzia, na mleta picha akaanza kukunja picha zake mwenyewe bila kuambiwa.

Wa tatu alisimama mlangoni, mtu wa makamo, kipara, ovaroli imepauka magotini.

"Kamwene, watumwa wangu," alisema. "Naitwa Gaudensi Ngonyani, fundi mkuu wa kampuni ya Ngome. Nimekuja kuwaokoa kama kawaida yetu."

Darasa zima liliangua kicheko, cha kwanza tangu moto. Mngoni, kijijini kwa Wahehe! Wahehe na Wangoni walichinjana zamani mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani. Tangu hapo Mngoni akikutukana unacheka, akikamata kuku wako unamwongezea jogoo, na ukinuna ni wewe mwenye aibu.

"Tuoneshe kwanza kama unajua kusoma, mtani," alisema Veneranda. "Mmeanguka mara ngapi?"

"Hatujaanguka. Miaka tisa."

Akampa kumbukumbu za hodi zenye muhuri wa serikali. Veneranda alizisoma ukurasa kwa ukurasa, watu wakimngoja. Ilikuwa kweli. Miaka tisa, kila saa, karibu, karibu, karibu.

"Mashine ikisumbua, anapokea nani?"

"Mimi. Mke wangu analalamika kwamba simu ndiyo mke mkubwa."

Veneranda alipiga. Mfuko wa ovaroli ukalia.

"Tukitaka kuhama?"

"Siku hiyohiyo mnapewa diski yenu. Nani ang'ang'anie Wahehe? Mnakula sana."

"Sawa. La mwisho. Umoja wamepigwa, wa Njombe wamepigwa, wa Mbeya wamepigwa mara mbili. Ninyi mbona hampigwi?"

Gaudensi alijifuta kipara kwa kitambaa. Alitazama watu, akatazama sakafu, kisha akatabasamu.

"Tumeziweka chini ya wazazi," alisema. "Juu ni wodi, vitanda mia na ishirini, wanawake wanajifungua. Chini ni seva. Nani atarusha bomu pale? Hata ninyi mnaokimbia panya, mngejificha hapohapo."

Kicheko kilitaka kuezua bati. "Wangoni bwana," mtu alipaza sauti kutoka dirishani, "mpaka leo mnajificha nyuma ya kanga!" Gaudensi naye alicheka, ila alichelewa kuanza na akawahi kuacha. Veneranda aliliona hilo. Aliliona kabisa, akasema moyoni huyu amechoka na safari, akatia sahihi.

*

Laini ya data ya kijiji ilikuwa imekatwa, kwa hiyo diski ilibidi ibebwe kwa mkono. Waliondoka na pikapu ya Gaudensi, wakapita njia za porini kukwepa vizuizi vya watu wa mbao, gari likazama matopeni mara mbili, na walipofika mji wa Luvanda ilikuwa imepita hodi ya sabini. Ya mwisho ingebishwa saa tisa alasiri.

Gaudensi aliegesha nyuma ya hospitali. Kwenye kamba zilianikwa nepi, mistari kwa mistari. Wanawake wenye matumbo walitembea polepole kivulini, mkono mmoja kiunoni. Veneranda alidhani mtani anataka kumjulia hali mgonjwa wake, akakaa ndani ya gari.

"Teremka," alisema Gaudensi. "Tumefika."

Walipita chumba cha kufulia, wakashuka ngazi za saruji, mlango wa chuma ukafunguka. Baridi ilimpiga usoni. Makabati yalisimama safu kwa safu, taa za kijani mia na arobaini, kijiji kwa kijiji. Na kwenye mabomba ya dari, waziwazi, kilio cha mtoto mchanga kilikuwa kinapita.

Veneranda alisimama palepale.

"Nilikwambia," alisema Gaudensi.

"Ulitania."

"Nilisema mbele ya watu mia mbili, dada Vene."

"Ulisema kiutani! Wewe ni mtani, utasema nini kingine?"

"Mkataba wangu wa kazi unanikataza kusema. Hakuna mkataba unaokataza utani." Alikaa juu ya kreti. Uso wake ulikuwa umezeeka ghafla. "Nimesema hivyohivyo kila kijiji. Kuna mahali hawakucheka kabisa. Waliniuliza tu kama vitanda vinajaa. Ninyi mlicheka, nikasema labda hawa wameelewa na wanacheka ili wasilie."

"Wao huko juu wanajua?"

"Nesi mkuu anajua. Wazazi wanakuja kuzaa tu."

Hasira ilimpanda Veneranda mpaka meno yakagongana, na nusu ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe. Maswali yote yale aliyouliza! Lipi lilimhusu mtu mwingine zaidi ya Ihanganila? Diski ilikuwa mkononi, tundu la kuichomeka liko mbele yake, wazi. Sekunde kumi tu za kazi. Alikuwa bado anaitazama wakati kipaza sauti cha watu wa mbao kilipounguruma nje.

"Tunajua diski ya Ihanganila imo humo. Itoeni. Hatuna ugomvi na mtu mwingine. Ikiwashwa tu, tunapiga jengo."

"Hawawezi," alisema Gaudensi. "Miaka tisa hawajathubutu."

Risasi zikajibu. Baadaye ilijulikana kwamba bawabu ndiye aliyeuawa kwanza, mzee aliyekuwa amefungua geti kidogo kuwaambia wapunguze sauti, watoto wamelala. Kisha mlio mwingine, mzito, na dari ikatikisika, na kilio kile kwenye mabomba kikakatika.

Veneranda alipanda ngazi mbilimbili. Kona ya mashariki ya wodi haikuwepo. Palikuwa na anga, moshi, na kitanda kimoja kimening'inia kwa miguu miwili. Wanawake walikuwa wanatambaa sakafuni na damu ya uzazi na damu ya vioo, huwezi kujua ipi ni ipi. Nesi mmoja alipita na watoto wawili kwapani, kipande cha kioo kimemkaa shingoni, hajui kama kipo. Mtoto wa tatu alikuwa kwenye beseni, kafunikwa taulo mpaka usoni.

Mwanamke kijana alijibanza chini ya sinki akiwa amemkumbatia kichanga chake. Alimshika Veneranda sketi.

"Wanataka nini? Sisi tumewafanya nini?"

Angeweza kusema sijui. Watu wengi wangesema sijui.

"Wananitaka mimi," alisema. "Nimebeba ardhi ya kijiji chetu kwenye hiki kidude. Nilikuja kuificha chini ya kitanda chako, wasithubutu kuipiga."

Mwanamke hakuiachia sketi.

"Kwenu mko wangapi?"

"Elfu tatu."

"Mkifukuzwa mtakwenda wapi?"

"Hatuna kwingine."

"Na hukuniuliza."

"Hapana. Sikukuuliza."

Mwanamke alimpiga kofi. Lilikuwa kofi la mkono uliochoka, na Veneranda hakulikwepa. Halafu simu yake ikaita. Ni Mama Luhwago.

"Vene. Umeshachomeka?"

"Mama, yule mtani alisema kweli. Juu ni wodi. Wamepiga. Kuna watoto wamekufa."

Kwa mbali, ndani ya simu, misumeno ya mashine ilikuwa inawashwa.

"Chomeka," alisema Mama Luhwago.

"Mama!"

"Wako hapa mpakani, Vene. Malori sita. Wanasubiri saa tisa ipite. Umesema wameshaua? Basi wameshaua. Hutawafufua wale kwa kutuua sisi. Chomeka, mwanangu, nakuomba kwa mama yako aliyelala kwenye udongo huu."

Kama kuna mtu anayeona jibu la maneno hayo ni jepesi, huyo hajawahi kuwa na mahali anapopaita kwao. Veneranda alifunga simu. Akashuka tena ngazi.

"Una mashine inayobebeka?" aliuliza.

Gaudensi alikuwa ameshasimama. "Seva za akiba, mbili, ziko kwenye pikapu. Moja kama kreti ya soda. Ina betri na dishi lake. Kwa nini?"

"Hodi moja tu ikiitikiwa, hesabu inaanza upya. Nataka kuitikia mbali na hapa."

"Droni zinafuata ukurasa. Ukiwasha tu, zinakuja zote."

"Ndiyo maana."

Alimwelewa. Alijifuta kipara, akavuta pumzi. "Utakufa, dada Vene."

"Wewe baki."

"Nibaki? Mhehe na mashine, nani atakuonyesha pa kuwashia?"

*

Nyuma ya hospitali kulikuwa na shamba la viazi, matuta marefu yanayopanda mlima. Walikimbia na seva moja wakiishika huku na huku, Gaudensi akiwa na gobore la bawabu begani, mpaka wakawa mwendo wa viwanja vitatu vya mpira kutoka wodini. Wakajitupa kati ya matuta. Saa tisa kasoro dakika tisa. Gaudensi alichomeka diski, akabonyeza, na taa ndogo ikawaka kijani.

Kule chini, droni zilizokuwa zinazunguka paa zilisimama hewani. Zikageuka zote kwa pamoja. Malori ya watu wa mbao kule getini nayo yakaanza kugeuza.

Veneranda aliona wodi ikiachwa peke yake na moshi wake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alipumua sawasawa.

Droni ya kwanza Gaudensi aliitungua kwa gobore, ya pili ikalipuka tutani na kuwafukia viazi na udongo. Gobore halikuwa na kitu tena. Wanaume wawili walikuja wakikimbia wameinama kati ya matuta, bunduki mbele. Mmoja aliteleza kwenye tope hatua tano kutoka kwao. Kulikuwa na jembe lililoachwa shambani, na Veneranda hakumbuki aliliokota vipi. Alimpiga yule aliyeteleza kabla hajainuka, mara moja shingoni, na mara ya pili usoni kwa sababu alikuwa bado anamtazama. Alikuwa na ndevu changa. Alinukia sabuni. Wa pili akafyatua, na paja la Veneranda likawaka moto. Gaudensi akamrukia, wakagaagaa, bunduki ikalia kati yao mara mbili, na aliyeinuka alikuwa Gaudensi, tumbo la ovaroli limelowa.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Kasoro dakika mbili."

"Zinakuja tano." Alitazama juu. Kisha akalala juu ya seva, kifudifudi, akaikumbatia kama mtu anayelala na njaa. "Joto," alisema. "Zinatafuta joto la mashine. Acha zipate la Mngoni."

"Mtani, toka hapo."

"Nyamaza, mtumwa wangu. Hesabu."

Alihesabu. Hakuwa na lingine la kufanya, paja halikumbeba tena. Alihesabu kwa sauti na droni zikashuka moja moja, na kila iliposhuka mwili wa Gaudensi uliruka kidogo. Baada ya ya tatu hakuguna tena. Veneranda akafika sifuri. Chini ya kwapa la mtani, kwenye kioo kidogo kilichopasuka, neno likatokea: Hodi. Na chini yake, lingine: Karibu.

Droni ya mwisho iliichoma seva dakika hiyohiyo, lakini kazi ilikuwa imekwisha. Watu wa malori walisimama mwisho wa shamba. Mmoja aliongea na redio, akasikiliza, akapiga tairi teke. Hakuna anayelipwa kwa kijiji kilichoitika. Waliwachukua wenzao wawili, yule mwenye ndevu changa na mwingine, wakaondoka, na hakuna hata mmoja aliyemtazama Veneranda.

Veneranda alichimbua diski kutoka chini ya mwili. Mila inasema mtani akifa, watani ndio wanaomtania maiti mpaka kaburini. Alimfunika kwa koti lake. Alitafuta tusi la kumwambia, hata dogo, akakosa, akalia.

*

Kesho yake asubuhi darasa la tano lilijaa tena. Hodi kumi na tisa zilikuwa zimeshapita bila kuitikiwa. Veneranda alikaa mbele, paja limefungwa, na miguuni pake kulikuwa na ile seva ya pili ya akiba, iliyobaki kwenye pikapu iliyomrudisha usiku kucha.

Mama Luhwago alimshukuru kwanza. Alimshukuru vizuri, kwa machozi, akataja na jina la Gaudensi. Kisha akasema lililowaleta.

"Ngome wamepiga simu. Bado wanatupokea. Wodi imebaki na vitanda themanini." "Nani anakubali turudi Ngome?"

Mikono iliinuka. Hakuna aliyeifurahia, lakini iliinuka, mmoja baada ya mwingine, mpaka ya madirishani.

"Sawa," alisema Veneranda. "Mimi ndiye mchaguzi na nimesikia. Ila kuna swali sikuwauliza wale wa kampuni, nawauliza ninyi. Hii hapa ni mashine ya Ngome, ileile. Inaweza kukaa hapahapa kijijini. Kinga yake ni moja, iliyoiweka miaka tisa: mtoto mchanga alale juu yake. Tunao watoto. Nani anatoa kitanda?"

Mikono ilibaki juu, kwa sababu watu walikuwa hawajaelewa. Halafu wakaelewa.

"Mkuki kwa nguruwe," alinong'ona mtu.

Bila kupanga, macho yote yalikwenda kwa Fides, mkwe wa Mama Luhwago, aliyekaa safu ya mbele na mjukuu wa wiki tatu mgongoni. Mama Luhwago naye aligeuka. Alifungua mdomo. Mimi siapi alitaka kusema nini, na nadhani hata yeye hakujua.

Fides hakumngoja. Alisimama, akakaza mbeleko, akapita katikati ya watu na kutoka. Hakuna aliyemzuia. Walimsikia akiteremka ngazi, kisha changarawe, kisha hawakumsikia tena. Mikono ikaanza kushuka.

"Mtoto hapana," alisema Mama Luhwago. Sauti yake ya trekta haikuwepo.

"Basi na wale wa Luvanda hapana, mama."

"Mtu mzima je?"

"Mtu mzima si kinga. Watapiga tu. Wamempiga Gaudensi."

"Sikukuuliza kama watapiga." Alijishika magoti akainuka. "Mimi ndiye niliyesema chomeka. Ibebeni."

Waliibeba watu wawili, kijiji kizima kikifuata nyuma bila neno, mpaka nyumbani kwake, chumbani kwake, kwenye kitanda cha mninga alichozalia watoto saba. Veneranda alipiga magoti kwa shida, akaisukuma seva uvunguni, akaunga waya wa dishi kupitia dirishani, akachomeka diski. Mlangoni wazee watatu walikuwa wanavutana na mikeka yao, kila mmoja akidai akae karibu zaidi na ukuta wa nje.

Mama Luhwago alipanda kitandani na gambuti zake. Alilala chali, akavuta blanketi mpaka kifuani, akakunja mikono juu yake.

"Washa," alisema.